Namna ya kueleza uwezo wako waombaji wanapozidi nafasi

Mwaka 2025, watu zaidi ya 135,000 waligombea nafasi 1,596 za kazi katika Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Katika umati wa namna hiyo, ile methali ya "chema chajiuza" inakuumiza. Wengi wetu tumelelewa tukiambiwa kujisifu ni aibu, basi barua zetu zinajaa unyenyekevu na mwajiri anamaliza kuzisoma bila kujua tunaweza nini. Napitia maombi ya kazi na kukaa kwenye majopo ya usaili, na inaniuma kumwona mtu hodari akipitwa kwa sababu hiyo tu. Fanya hivi.

Hatua ya 1: Orodhesha ulichofanya. Chukua daftari uandike kila kazi uliyowahi kushika, yenye mshahara na isiyo na mshahara: fildi, kibanda cha uwakala wa fedha, duka la mjomba, tuisheni, uweka hazina wa kikoba, ukatibu wa kwaya. Usijiambie "hiyo si kazi." Aliyetunza fedha za wenzake mwaka mzima bila upungufu ana kitu ambacho waajiri wanakitafuta sana.

Hatua ya 2: Geuza sifa iwe tendo. Hapa ndipo utumie muda wako mwingi. Karibu kila barua ninayofungua inasema: "Mimi ni mchapakazi, mwaminifu na ninayejituma." Hakuna anayeandika kuwa ni mvivu, kwa hiyo sentensi hiyo haikutofautishi na yeyote. Futa. Andika mfano wa hivi:

"Nimekuwa mweka hazina wa kikoba cha wanachama 25 kwa miaka miwili. Nilianzisha daftari la marejesho, na wanachama huonyeshwa hesabu kila mwisho wa mwezi."

Uaminifu umeonekana, na neno lenyewe halijatajwa. Kwa kila tendo jiulize: wangapi, kiasi gani, kwa muda gani, nini kilibadilika? Kama namba huna, eleza kilichobadilika. Usibuni, maana swali la pili la jopo huwa ni "ulifanyaje?"

Hatua ya 3: Soma majukumu kwenye tangazo. Yapigie mstari, kisha chagua matendo yako mawili au matatu yanayoyagusa. Hayo ndiyo barua yako. Ukurasa mmoja unatosha.

Hatua ya 4: Andaa ushahidi. Kwa ajira za serikali kupitia Ajira Portal, yaani mfumo wa kuomba kazi serikalini kwa mtandao, vyeti kamili ndivyo vinavyokuingiza. Matangazo yake husema wazi kwamba hati za matokeo na "provisional results" (matokeo ya muda) hazikubaliwi. Ukivuka mchujo, uwezo wa kujieleza unaanza kukupa alama kwenye mahojiano. Kama ulijifunzia ufundi gereji au saiti, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Ulizia kwenye chuo chao kilicho karibu nawe. Wadhamini nao wapigie simu mapema, uwakumbushe kazi mliyofanya pamoja.

Hatua ya 5: Fanya mazoezi kwa sauti. "Tueleze kwa ufupi kuhusu wewe" si swali la kuzaliwa wapi na kusoma shule gani. Hayo jopo linayo mezani. Jibu kwa dakika mbili: unafanya nini vizuri, tendo moja linalothibitisha, na litaisaidia vipi ofisi hiyo.

Kuna jambo moja naliona sana kwa vijana wetu, hasa mabinti: kila kitu ni "tulifanya." Adabu nzuri, lakini jopo haliajiri kikundi. Sema "tulikuwa watano, mimi nilishika stoo." Umewaheshimu wenzako, na sehemu yako imejulikana.

Hatua ya 6: Usingoje tangazo. Kazi nyingi za kampuni ndogo hujazwa kwa kuulizana. Waambie watu unachoweza kwa sentensi moja iliyo wazi: "natengeneza friji na viyoyozi" inakumbukika, "natafuta kazi yoyote" haimpi mtu pa kukupeleka. Fundi, piga picha za kazi zako kabla na baada, uziweke WhatsApp pamoja na eneo unalofanyia kazi.