Kabla hujalipia programu ya kuhariri picha, ijaribu kwa picha zako zilizoharibika

Mdogo wangu alinunua kamera ya mtumba, Nikon iliyokwisha kupita mikono ya watu wawili, na juma hilohilo akaniletea karatasi yenye majina kumi na moja ya programu za kuhariri picha. Alitaka niweke tiki kwenye jina moja. Sikuweka. Nilipoanza kupiga picha, mimi mwenyewe niliwekewa tiki ya namna hiyo na mtu aliyenizidi ujuzi, nikalipia mwaka mzima programu ambayo kompyuta yangu haikuimudu. Kila nikisogeza kitelezi cha mwanga, picha ilikaa sekunde kadhaa ndipo ibadilike. Programu ilikuwa nzuri na mshauri wangu hakunidanganya, ila yeye alikuwa akizungumzia kompyuta yake na picha zake.

Nikamwambia mdogo wangu aje na vitu viwili: kompyuta yake mpakato, na picha kumi alizozipiga zikamshinda.

Picha nzuri hupendeza katika kila programu, kwa hiyo haitakusaidia kuchagua. Tafuta zile zilizokukera. Za mdogo wangu zilikuwa hivi: mama amesimama kando ya dirisha, shavu moja lina mwanga na la pili limezama gizani, uwanja wa mpira chini ya anga lililokuwa jeupe pe, ukumbi usiku, picha imejaa chembechembe kwa sababu ISO, yaani kiwango cha wepesi wa kamera kupokea mwanga, ilipanda hadi 6400, ufuo ulioinama upande mmoja, nyuso zilizogeuka manjano kwa sababu ya taa, na picha ya pamoja ambamo nguzo imeota kichwani mwa binamu yetu. Nne zilizobaki zilikuwa na kasoro zilezile kwa sura nyingine. Angalia kwamba kila picha inadai zana yake: kuinua vivuli, kurudisha anga, kupunguza chembechembe, kunyoosha, kusawazisha rangi, kufuta kitu. Orodha hiyo ndiyo mahitaji yako halisi. Programu yenye zana mia mbili isiyokutatulia hizo sita haikufai kitu.

Anza na kompyuta uliyonayo

Fungua mipangilio uone RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ni ngapi na diski imebakiwa na nafasi kiasi gani. Ya mdogo wangu ilikuwa na gigabaiti 4 za RAM. Inawezekana kuhariri kwa kiasi hicho, lakini kwa subira, huku kivinjari kimefungwa. Gigabaiti 8 ndicho kiwango ninachokiona cha kufanyia kazi bila kuumia. Kuhusu diski, faili moja ghafi, yaani picha kama kamera ilivyoirekodi kabla ya kuichakata, la kamera ya megapikseli 24 hula megabaiti 20 hadi 30, kwa hiyo picha mia tano za siku moja zinaweza kumeza gigabaiti 10 au zaidi.

Hesabu hii huamua mengi. darktable, kwa mfano, ni programu ya bure yenye nguvu sana, lakini hufurahia kadi nzuri ya michoro, kile kifaa cha kompyuta kinachoshughulikia picha, na bila kadi hiyo hatua zake nzito hujivuta. RawTherapee, ya bure pia, hutegemea kichakataji, yaani ubongo wa kompyuta, peke yake. Kwenye mashine isiyo na kadi ya michoro, ijaribu hiyo ya pili mapema.

JPEG au faili ghafi?

Swali hili ndilo linalopunguza orodha haraka kuliko yote. JPEG, picha ambayo kamera imekwisha kuichakata na kuipunguza ukubwa, ina viwango 256 vya mwanga kwa kila rangi kati ya nyekundu, kijani na buluu. Faili ghafi, lile tunaloliita RAW, likirekodiwa kwa biti 14 lina viwango 16,384. Ndiyo maana shavu la mama lililozama gizani lilitoka vizuri kwenye faili ghafi, na kwenye JPEG ya picha ileile likatoka na madoa madoa. Kamera ilikuwa imekwisha kutupa taarifa za gizani ili kupunguza ukubwa wa faili.

Kama unapiga JPEG tu, na kwa sasa huna mpango wa kubadilika, karibu programu yoyote itakutosha. Snapseed kwenye simu, ambayo ni ya bure, itakata, itanyoosha, itang'arisha sehemu unayoigusa kwa kidole, na itafuta vitu vidogo. Watu wengi huidharau kwa sababu iko kwenye simu. Mimi bado naitumia.

Kama unapiga faili ghafi, angalia herufi za mwisho za jina la faili: NEF ni Nikon, CR2 na CR3 ni Canon, ARW ni Sony, RAF ni Fujifilm. Programu unayoichagua lazima ilisome faili la kamera yako, tena modeli yako hasa. Hapa wanaoanza hukwama sana na GIMP. Wameambiwa ni mbadala wa bure wa Photoshop, wakaipakua, wakaiburutia faili la NEF, halafu haifunguki. GIMP haisomi faili ghafi yenyewe. Hulikabidhi kwa darktable au RawTherapee, kwa hiyo mojawapo lazima iwe imewekwa kwenye kompyuta hiyohiyo.

Programu ambayo tayari ni yako

Kwenye ile karatasi ya majina kumi na moja halikuwepo jina la programu ya mtengenezaji wa kamera yenyewe, na jambo hili linanisikitisha kila nikiliona. Nikon hutoa NX Studio bure. Canon wana Digital Photo Professional, Sony wana Imaging Edge. Fujifilm wana X RAW Studio, ambayo huunganishwa na kamera kwa waya na kutumia kichakataji cha kamera kufanya kazi, hivyo kompyuta dhaifu haibebeshwi mzigo wote. Faida yake kubwa kwa anayeanza ni rangi: picha huanza ikifanana na ile uliyoiona nyuma ya kamera, badala ya kufunguka imefifia ukadhani umeharibu. Mpangilio wake si wa kuvutia, na ukibadilisha aina ya kamera itabidi uanze upya. Kwa mwaka wa kwanza, hayo ni madogo.

Namna ya kufanya jaribio

Chagua programu tatu, zisizidi. Tulichukua NX Studio, RawTherapee na darktable. Kila moja ipe picha zilezile kumi, kwa siku yake, na uandike pembeni mambo mawili tu: kasoro ipi imetatulika, na umehangaika kiasi gani kuipata zana. Usifungue mafunzo ya video katika saa ya kwanza. Baada ya hapo fungua, kwa sababu darktable hasa haijieleweshi yenyewe, na kuihukumu kwa saa moja ni kuionea. Sisi tuliipa siku tatu.

Picha ya kuitazama kwa makini zaidi ni ya uso. Bonyeza kitufe cha marekebisho ya otomatiki, kisha iangalie ngozi. Mama yetu ni mweusi wa kung'aa, na programu moja kati ya tatu ilipoinua vivuli kwa pupa ilimfanya awe wa kijivu, kama aliyepakwa majivu. Weusi wa ngozi yake ilikuwa imeuhesabu kuwa giza la kuondolewa. Ukiona hivyo usiitupe programu papo hapo: rudisha kitelezi nusu, ongeza joto la rangi kidogo, uone kama ngozi inarudi. Ikirudi kwa hatua mbili, sawa. Ikikulazimu kupigana na kila uso, hapo ipime vizuri, maana utakutana na nyuso kila siku.

Nguzo kichwani mwa binamu ndiyo iliyotupeleka GIMP. Kazi ya kufuta, kuunganisha picha mbili au kuweka maandishi inahitaji tabaka, yaani vipande vya picha vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, na programu za faili ghafi hazikutengenezwa kwa ajili hiyo. GIMP ilianza mwaka 1995 mikononi mwa wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, na hadi leo ni ya bure kabisa. Toleo la 3.0, lililotoka mwaka 2025, limeruhusu vichujio kurekebishwa hata baada ya kuwekwa, jambo ambalo zamani lilikulazimu kufuta na kuanza upya. Kama huna ruhusa ya kuweka programu kwenye kompyuta unayotumia, Photopea hufunguka ndani ya kivinjari na husoma mafaili ya Photoshop. Utaona matangazo pembeni, basi.

Ukiamua kulipa

Sina ugomvi na kulipa. Programu nzuri ya kulipia huokoa muda, na muda wako una thamani. Ila kabla hujaingiza namba ya kadi, uliza: siku nikiacha kulipa, picha zangu zitakuwaje? Kwa Lightroom Classic, programu ya kulipia ya kampuni ya Adobe, usajili ukiisha programu bado hufunguka, picha zako unaziona na unaweza kuzitoa, lakini sehemu ya Develop, ambamo ndimo uhariri wenyewe hufanyika, hufungwa. Toleo lake la mwisho kuuzwa mara moja kwa leseni ya kudumu lilikuwa la 6, la mwaka 2015.

Leseni ya kununua mara moja nayo ina mtego wake. Canon walipoleta faili la CR3 mwaka 2018, programu zilizonunuliwa kabla ya hapo hazikulitambua. Ukinasa hapo, Adobe DNG Converter, ya bure, hugeuza mafaili mengi ghafi kuwa DNG, aina ya faili ghafi ya Adobe, ambayo programu nyingi za zamani husoma. Na kipindi cha majaribio kisome vizuri: je, picha zitakazotoka zitapigwa muhuri wa kampuni? Je, kadi itakatwa yenyewe siku ya mwisho?

Nakala zilizovunjwa ulinzi usiziguse. Utakuwa unamfungulia mtu usiyemjua mlango wa kompyuta yenye picha za ndugu zako.

Jua pia marekebisho yako yanahifadhiwa wapi, kwa sababu uhariri wa faili ghafi haubadilishi picha yenyewe. Maelekezo huandikwa pembeni. darktable huyaweka kwenye faili dogo la XMP kando ya picha, RawTherapee kwenye faili la pp3, NX Studio kwenye folda iitwayo NKSC_PARAM. Niliwahi kuhamishia picha diski nyingine nikaacha mafaili hayo madogo nikidhani ni mabaki, kisha nikafuta folda ya zamani. Kazi ya wiki tatu ikaenda. Siku ya jaribio, nakili folda nzima kwenda mahali pengine, ifungue huko, uhakikishe marekebisho yamefuata.

Mdogo wangu alibaki na NX Studio kwa picha nyingi na GIMP kwa nguzo. darktable ameiweka kando mpaka aongeze RAM. Hatua ya mwisho tuliyofanya kwa kila programu ilikuwa hii: toa picha ya mama kama JPEG, rangi za sRGB (mpangilio wa rangi wa kawaida wa vioo na mtandao), ubora wa 90, kisha itume kwenye simu mbili tofauti. Ziweke kando ya kioo cha kompyuta, mwanga wa vioo vyote ukiwa wa wastani. Kama uso wake kwenye simu zote mbili ni uleule uliouhariri, anza na programu hiyo.