Somo: Kruza ndogo ya silinda moja na mtu mrefu, utajuaje kama mnafaana?

Nina urefu wa sm 193. Kwa miaka mingi nimeambiwa kwamba kruza ndogo, yaani pikipiki ya kiti cha chini na mkao wa kutulia, si saizi yangu, na wanaoniambia hivyo huwa wameangalia namba moja tu: urefu wa kiti. Kiti cha Honda Rebel 300 kiko sm 69 kutoka chini. Cha Suzuki LS650, ile Savage iliyotoka mwaka 1986 na baadaye ikaitwa Boulevard S40, kiko sm 70. Mtu akiona hivyo anakata shauri hapo hapo kwamba mrefu haiwezi.

Urefu wa kiti unajibu swali la mtu mfupi: je, miguu itafika chini? Yako inafika na kubaki. Swali lako wewe ni jingine: ukishaipandisha kwenye vikanyagio, magoti yataenda wapi? Swali hilo linajibika kwa utepe wa kupimia na kwa mwili wako mwenyewe, kabla hujatoa hela.

Hatua ya 1: Jipime wewe kwanza

Watu wawili wa sm 190 wanaweza kuwa tofauti kabisa: mmoja amerefuka miguu, mwingine kiwiliwili. Simama pekupeku, mgongo ukutani, weka kitabu kigumu katikati ya mapaja na ukipandishe mpaka kikaze, halafu pima kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa kitabu. Baada ya hapo kaa kwenye kiti cha kawaida, makalio yakigusa ukuta, upime kutoka ukutani hadi mbele ya goti. Mimi napata sm 91 na sm 66. Namba hiyo ya pili wengi huisahau, na ndiyo itakayokuambia mapema kama goti litagombana na usukani.

Hatua ya 2: Pima pikipiki kwa mshazari

Usipime kutoka chini hadi kwenye kiti, hiyo umeshaisoma kwenye karatasi. Pima kutoka pale kiti kilipobonyea hadi juu ya kikanyagio, mstari ulionyooka. Hapo ndipo mguu wako unapoishi. Kwa mguu wangu, mshazari ukifika sm 60 hivi nakaa raha. Ukishuka chini ya sm 55 najua kabla ya kupanda kwamba nusu saa baadaye nitakuwa natafuta mahali pa kusimama. Yako itakuwa tofauti kidogo, kwa hiyo pima pikipiki mbili tatu ulizowahi kuendesha bila maumivu upate kiwango chako.

Mahali vikanyagio vilipo ndipo penye siri yote. Rebel 300 imeviweka katikati, kwa hiyo mguu unakunjika. Royal Enfield Meteor 350, iliyoingia sokoni mwaka 2020, ina kiti cha sm 76.5 na vikanyagio vimesogezwa mbele, mguu unajinyoosha. Zote mbili ni silinda moja, zote ni kruza, lakini kwa mtu wa miguu mirefu zina tofauti ya mchana na usiku. Na kama unachopenda hasa ni ule mdundo wa silinda moja kuliko umbo la kruza, kumbuka kwamba Classic 350, nayo ya Royal Enfield, hutumia injini ya jamii hiyo hiyo ya cc 349 na kiti chake kiko sm 80.5. Ningeijaribu hiyo kabla ya kujilazimisha kwenye kiti cha chini.

Hatua ya 3: Kaa, kisha upigwe picha

Vaa viatu vyako vya kuendeshea. Panda, mwenzako aishike pikipiki ikiwa wima, weka miguu yote miwili juu na mikono yote miwili kwenye usukani. Kaa dakika kumi nzima. Dakika moja ya dukani haisemi kitu. Kila pikipiki ni tamu kwa dakika moja.

Mwenzako akupige picha kutoka ubavuni, simu ikiwa usawa wa kiti. Kwenye hiyo picha tazama nyonga na goti. Goti likiwa usawa wa nyonga au juu kidogo, sawa. Likipanda juu sana, nyonga zinajiviringisha kwa nyuma, mgongo unapinda kama upinde, na uzito wote unashukia kwenye kifandugu. Kwenye pikipiki ya kawaida ungesimama kidogo juu ya vikanyagio unapopita shimo. Kwenye kruza yenye vikanyagio vya mbele kusimama ni shida, kwa hiyo kila pigo la barabara linapanda moja kwa moja kwenye uti wa mgongo.

Tazama na pembe ya goti. Ikiwa imebana kuliko pembe mraba, damu na misuli vitakudai.

Hatua ya 4: Geuza usukani mpaka mwisho, kushoto na kulia

Hatua hii naomba usiiruke hata kama una haraka.

Niliwahi kuchukua kruza ndogo ya mtu nikaijaribu kwenye barabara iliyonyooka. Ilikwenda vizuri, nikairidhia. Wakati wa kurudi nikageuza mahali pembamba, mwendo wa mtu anayetembea, usukani umekatwa mpaka mwisho kulia. Ncha ya usukani ikakutana na goti langu la kulia. Usukani ukagoma kuendelea, mkono ukaminywa kati ya goti na mpini, na kidole kikavuta mafuta bila mimi kutaka. Pikipiki iliruka mbele. Nilibana klachi nikatua mguu, nikasimama shubiri chache kutoka kwenye ukuta. Mwendo mdogo ndio ulioniokoa.

Kwa hiyo: miguu juu ya vikanyagio, kata usukani hadi mwisho kila upande, na uangalie nafasi kati ya goti na mpini, leva ya klachi na ya breki. Nataka upana wa kiganja ubaki. Goti likigusa, usijiambie kwamba utakuwa unalifungua nje. Siku ya kona ya ghafla hutakumbuka.

Hatua ya 5: Kiatu na leva ya gia

Mtu mrefu mara nyingi ana mguu mkubwa. Weka kisigino mahali pake, uone kama ncha ya kiatu inaingia chini ya leva ya gia bila kupinda kifundo. Leva nyingi zinaweza kurekebishwa kidogo, kwa hiyo hili peke yake lisikufanye uikatae pikipiki.

Hatua ya 6: Uzito

Soma kwenye kitabu cha pikipiki uzito wa juu unaoruhusiwa, utoe uzito wa pikipiki yenyewe ikiwa na mafuta. Kinachobaki ni wewe, nguo, helmeti, begi na abiria kwa pamoja. Kwenye pikipiki ndogo kinaweza kuisha haraka.

Halafu shokapu za nyuma. Kruza huwa na shokapu fupi kwa sababu kiti kimeteremshwa. Pima kutoka ekseli ya nyuma hadi alama kwenye madigadi pikipiki ikiwa tupu, kisha pima tena ukiwa umekaa. Ikiwa imezama zaidi ya theluthi ya umbali wote ambao shokapu inaweza kushuka, kaza springi. Ikiwa umekaza hadi mwisho na bado inazama, zinahitajika springi ngumu zaidi.

Hatua ya 7: Iendeshe saa nzima

Dakika ishirini za kwanza zinakudanganya, za mwisho ndizo zinazosema kweli. Anza na mizunguko midogo ya namba nane, kisha breki kali kwenye mahali salama, kisha barabara ya kasi. Injini ya silinda moja ya mipigo minne huwaka mara moja kila mizunguko miwili, kwa hiyo kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika unapokea mipigo 50 kila sekunde kupitia kiti, usukani na vikanyagio. Mwili uliokaa vizuri unaiona kama mdundo. Mwili uliobanwa unaiona kama ganzi, na ganzi huanza kwenye vidole vya miguu na chini ya makalio.

Sikiliza upepo pia. Kichwa chako kiko juu kuliko cha mtu aliyefikiriwa wakati kioo cha mbele kinachorwa, na kioo kifupi kinaweza kuutupia upepo moja kwa moja kwenye helmeti. Mara nyingine kukiondoa kabisa ni afadhali.

Ukishuka, usijiulize kama umefurahi, maana utakuwa umefurahi. Jiulize kama ungepanda tena sasa hivi kwa saa nyingine.

Kama imekosea kidogo tu

Anza na kiti. Sponji ngumu ya sm 3 au 4 inafungua goti, inapunguza mkunjo wa nyonga na kukutoa kwenye lile shimo la kiti, na ukikosea unarudi ulikotoka. Usukani ni wa pili: kuna vipande vya kuunyanyua na kuurudisha nyuma, lakini hakikisha nyaya na mpira wa breki vinatosha. Washa injini bila gia, kata usukani kushoto mpaka mwisho, kisha kulia. Mlio wa injini ukipanda wenyewe, waya wa mafuta umekaza, na hiyo ni hatari ya kweli. Kusogeza vikanyagio mbele huja mwisho, maana kunagusa gia na breki kwa pamoja. Mpe fundi anayeijua kazi hiyo.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: *Mkuu, mimi ni sm 188 lakini miguu yangu ni ya kawaida, kiwiliwili ndio kirefu. Hatua hizi zinanihusu?*

Zinakuhusu, ila kwako zamu ni ya usukani na upepo. Magoti yatakaa vizuri hata kwenye vikanyagio vya katikati, lakini utajikuta umeinama mbele kuufuata usukani. Viwiko vikinyooka kabisa au mabega yakishuka mbele, unyanyue usukani. Vioo vya pembeni navyo utaona viwiko vyako tu, tafuta vyenye shingo ndefu.

Swali: *Nitaonekana kama mtu mzima juu ya baiskeli ya mtoto, ndicho kinachonizuia.*

Ndugu yangu, ukubwa wa pikipiki machoni unatokana na mkao. Mtu aliyekunja magoti hadi tumboni anaonekana mkubwa hata juu ya pikipiki nzito. Aliyenyoosha miguu mbele na mgongo wima anaonekana ametulia. Ile picha ya hatua ya 3 itakujibu.

Swali: *Dada yenu nina sm 183 na kilo 74, mara nyingi nambeba mdogo wangu. Cc 300 zitatosha?*

Dada, injini itavuta, ila kwenye mlima utashuka gia mapema. Kinachonipa wasiwasi ni nafasi. Mtu mrefu hukaa nyuma zaidi kwenye kiti, na kiti cha abiria cha kruza ndogo tayari ni kipande. Nenda na mdogo wako siku ya kujaribu, mkae wote wawili, na shokapu mzikaze kwa uzito wenu wote.

Swali: *Vikanyagio vya mbele si vinaua mgongo? Mtaalamu mmoja aliniambia niviepuke.*

Vinaweza, hasa ukiwa umeviweka mbele kiasi kwamba unalazimika kujivuta kwa mikono ili usiteleze nyuma. Mguu ubaki umekunjika kidogo gotini na kiti kikushike kwa nyuma. Kama una tatizo la mgongo tayari, ningekuelekeza kwenye pikipiki ya mkao wima yenye kiti kirefu, hata kama moyo uko kwenye kruza.

Swali: *Nina kilo 108. Kasi je? Sitaki kuwa kizuizi barabarani.*

Meteor 350 ina nguvu farasi 20 na pikipiki yenyewe ina kilo 191. Mwendo wa wastani utaushika bila tabu. Kwenye barabara kuu, upepo ukikupiga kifuani na mlima mbele, utakuwa umevuta mafuta yote na hakuna akiba ya kupita gari. Kama safari zako nyingi ni hizo, tafuta injini kubwa. LS650 ni silinda moja pia, cc 652, na ina uvutaji mwingine kabisa, ila pima vikanyagio kama nilivyosema.

Swali: *Kaka, muuzaji wa iliyotumika hakubali niiendeshe, ananiruhusu kukaa tu. Nifanyeje?*

Fanya hatua ya 2, 3 na 4 hapo hapo alipo, mwambie unahitaji dakika kumi na tano. Zikipita zote, tafuta mtu mwingine mwenye modeli hiyo hiyo akuruhusu saa moja barabarani, kisha urudi. Ikishindwa ya 4, mshukuru uondoke.