Mambo ya kuweka sawa kabla mtu hajaja kulalamikia kitabu maktabani

Siku mtu anaingia na kitabu mkononi, kakunja kona ya ukurasa mmoja, anataka kitolewe leo leo, hapo siyo pa kuanza kuulizana utaratibu ukoje. Sera iwe imeshaandikwa na bodi imeshaipitisha, inayosema vitabu vinachaguliwa na nani na kwa vigezo gani, maana sera ikitungwa katikati ya ugomvi mlalamikaji ataona imetungwa kumbana yeye. Wala hamuanzi na karatasi tupu, chama cha wakutubi wa Marekani, ALA, kilipitisha tamko la haki za maktaba tangu 1939 na IFLA, shirikisho la kimataifa la maktaba, wana la kwao la 1999, yasomeni mchukue yanayowafaa.

Fomu ya malalamiko iwe fupi: kitabu gani, umekisoma chote au sehemu, nini kimekukera, ungependa tufanye nini.

Sasa watu wa kaunta, hapa ndo pengi panaharibika. Anayepokea malalamiko mara nyingi siyo mkutubi mkuu, ni kijana wa zamu ya jioni yuko peke yake, na akipaniki atafanya chochote mradi yule mtu aondoke. Nilishaona kitabu kikiwekwa chini ya kaunta "kwa muda tu" baada ya mzazi kupaza sauti, kikakaa humo miezi, hakuna kikao wala uamuzi, na kwenye kompyuta kinasoma kipo. Iliniuma sana, wasomaji walikuwa wanakitafuta kwenye shelfu hawakioni. Kwa hiyo mfundisheni mapema mtu wa kaunta, tena kwa mazoezi, mwenzake ajifanye mlalamikaji mwenye hasira: wa kaunta asikilize mpaka mwisho, asibishane, asiahidi kitu, ashukuru, atoe fomu. Na wengi wanaokuja ni wazazi wenye wasiwasi wa kweli, ukiwasikiliza vizuri wengine hata fomu hawaijazi.

Kitabu kibaki kwenye shelfu mpaka uamuzi utoke. Kamati ijulikane mapema, wote wakisome kizima, siyo ile kurasa iliyokunjwa tu, tarehe ya majibu iwepo, na rufaa iende kwa nani. Waandishi wa habari aongee nao mtu mmoja.

Halafu kuna swali linakuja karibu kila mara, nani wengine wamekiazima. Hilo halijibiwi, hata anayeuliza awe mjumbe wa bodi.