Somo: Kupima nguvu ya jua kwa piranomita kwenye paa za Mombasa

Naandika mara moja ibaki hapa, maana swali ni lile lile kila wiki: "Mbona mita yangu ya jua (ndiyo piranomita) inasoma chini?"

1. Chagua mahali pasipo kivuli. Tuko nyuzi 4 kusini mwa ikweta, jua hupita utosini karibu Machi 10 na tena karibu Oktoba 3. Kwa hiyo mnazi wa kaskazini utakusumbua Juni, na tangi la kusini Desemba. Kagua pande zote mbili.

2. Funga kwenye chuma kigumu, si bati linalotikisika. Kipovu cha pimamaji kikae katikati.

3. Waya wake usiufunge pamoja na waya wa umeme wa nyumba.

4. Soma volti, gawanya kwa namba ya kwenye kibati cha chombo chako mwenyewe. Changu hutoa mikrovolti 10 kwa kila wati kwa mita ya mraba, basi milivolti 8.5 ni wati 850.

5. Kusafisha kuba la kioo. Hapa ndipo nilipoharibu. Nilikuwa napanda na ndoo ya maji ya kisima, napangusa, naacha likauke. Kisima chetu kina chumvi. Namba za saa sita mchana, anga likiwa wazi, zikawa zinashuka, nikalaumu chombo na kukipeleka kwa fundi. Akakiinua kwenye mwanga: kioo kizima vijiduara vyeupe, kimoja ndani ya kingine, kila tone lilipokaukia. Rekodi za miezi ile nimezitupa zote. Tumia maji ya betri (yale safi, SIYO ASIDI) na kitambaa laini cha pamba, asubuhi mapema. Usikwangue kwa kucha. Usitumie sabuni ya unga. Msimu wa kusi, ukiwa karibu na bahari, safisha kila baada ya siku mbili tatu.

Swali: Fundi, yangu inasoma chini, shida nini?
Jibu: Hatua ya 5.

Swali: Nimesoma. Lakini maji yetu ya kisima ni masafi, tunakunywa.
Jibu: Weka tone moja kwenye kioo cha dirisha, likauke, kisha uangalie.

Swali: Samahani mwalimu, usiku yangu huonyesha -3. Imekufa?
Jibu: La, dada yangu, na umefanya vyema kuangalia usiku. Chombo hupima tofauti ya joto kati ya bamba jeusi na mwili wake. Anga likiwa wazi, kuba hupoa kwa kutoa joto kuelekea angani, na bamba nalo hupoteza joto kwa kuba. Hasi ndogo ni kawaida. Iandike kama ilivyo.

Swali: Ahsante. Na mchana wa mawingu mara naona 1,150, si mwisho ni 1,000?
Jibu: 1,000 ni kipimo cha kujaribia paneli, si kikomo. Juu ya angahewa ni takriban 1,361. Wingu jeupe likikaa kando ya jua hukurudishia mwanga wa ziada, namba ikaruka kwa dakika chache.

Swali: Chembe za kunyonya unyevu, zile za pembeni mwa chombo, zilikuwa za buluu, sasa za waridi.
Jibu: Zimeshiba unyevu. Badilisha leo, kabla kuba halijaingia ukungu kwa ndani.