Namna ya kuzungumza na mwenzako Mzungu kuhusu upendeleo wa rangi kazini

Katika ofisi nyingi za miradi jijini Mwanza, Waafrika na Wazungu hufanya kazi pamoja kwa maelewano mpaka siku ambayo mmoja atataja upendeleo wa rangi. Hapo Mzungu huanza kujitetea: atasema hakukusudia ubaya, atahesabu miaka aliyoishi Tanzania, atanuna au atalia. Mwaka 2011 msomi wa Marekani Robin DiAngelo, ambaye mwenyewe ni Mzungu, alieleza kwamba mtu aliyekulia katika jamii isiyomhoji kuhusu rangi yake huelemewa hata na swali dogo juu ya jambo hilo. Yeye aliandika kuhusu Amerika ya Kaskazini. Kwetu lipo la kuongeza, nalo ni kwamba heshima yetu kwa mgeni huilea hali hiyo, kwa kuwa tukimwona ameumia tunaharakisha kumtuliza na kuifuta hoja tuliyoileta wenyewe.

Kabla ya kuzungumza, chagua tukio moja. Tuseme katika kikao cha mradi wa uvuvi, kiongozi ameelekeza maswali yote ya dagaa wa Ukerewe kwa kijana aliyewasili juzi kutoka Ulaya, ilhali afisa uvuvi aliyekulia Nansio, huko huko Ukerewe, ameketi papo hapo. Usimwite kiongozi huyo mbaguzi, maana mtaishia kujadili moyo wake, na kikao kitasahauliwa. Mwombe faragha, kisha umweleze: "Leo maswali yote ya dagaa yamekwenda kwa mgeni. Afisa wetu hakuulizwa hata moja, na wavuvi waliokuwepo wameliona." Ikiwa yeye ndiye anayesaini mkataba wako, nenda na mwenzako anayeheshimika ofisini, hilo si woga.

Akijibu kwamba hakuwa na nia mbaya, likubali, huenda ni kweli, lakini umrudishe kwenye matokeo: afisa yule hakupata nafasi ya kusema. Akilalamika kwamba naye huitwa "mzungu" na watoto mitaani na kutajiwa bei ya juu pale Mwaloni, Kirumba, usimbeze, kwa sababu kero hiyo ipo. Mwambie kwamba hilo nalo mtalizungumza kwa wakati wake, ila halijibu kilichotokea kikaoni.

Machozi ndiyo magumu zaidi, na hapa ndipo wengi wetu, hasa walio wadogo kwa umri au cheo, husema "basi, yaishe", wakaomba radhi kwa kuleta jambo la kweli, na kikao kinachofuata kikaendeshwa vilevile. Mpe muda. Ahirisha mazungumzo mpaka kesho ikibidi, na umwambie waziwazi kwamba mtayaendeleza, lakini usiseme kwamba hukumaanisha ulichosema. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mtu aliyeishi nasi kwa miaka anastahili kuambiwa ukweli kama tunavyoambiana sisi kwa sisi, na kumficha kwa kumhurumia ni kuendelea kumweka mbali nasi.

Mnaporejea kwenye mazungumzo, toa ombi linaloweza kutekelezwa: katika kikao kijacho afisa uvuvi ndiye afungue mjadala wa dagaa, na maswali ya kitaalamu yaanzie kwake. Kubalianeni tarehe, kisha siku hiyo ikifika, mkumbushe kabla hamjaingia ukumbini.