Kabla hujaandika jozi za vigawo

Soma swali kwanza: umeulizwa vigawo au vigawe? Vigawo vya 12, yaani namba zinazoigawa bila kubakiza, vinakwisha: 1, 2, 3, 4, 6, 12. Vigawe vyake, yaani 12 mara 1, mara 2, mara 3 na kuendelea, havina mwisho, na kila mwaka yupo mtoto anayejaza ukurasa 12, 24, 36 mpaka kengele inalia.

Anza na 1 na namba yenyewe. Panda 2, 3, 4 bila kurukaruka, na ukipata kigawo mwandike na mwenzake hapo hapo. Kwa 48: 1 na 48, 2 na 24, 3 na 16, 4 na 12, 6 na 8. Saba inakataa. Ukifika 8 unamkuta 6 umeshamwandika, basi simama. Zinazofuata ni zilezile zimegeuzwa.

Kwa 36 jozi ya mwisho ni 6 na 6. Ukiorodhesha, 6 inaandikwa mara moja tu: vigawo 9, si 10.

Shufwa ina 2. Inayoishia 0 au 5 ina 5. Tarakimu zikijumlishwa zikagawanyika kwa 3, nayo ina 3. Hayo unayajua. Anayeumiza watu ni 7.

Mwaka mmoja nilipanga halaiki ya mahafali ya darasa la saba, watoto 91. Nikajaribu 2, 3, 5, nikapitisha macho kwenye jedwali la kuzidisha nyuma ya daftari, 91 haimo. Nikatangaza ni namba tasa, yaani yenye vigawo viwili tu, 1 na yenyewe, nikamtoa mtoto mmoja nipate mistari 9 ya kumi kumi. Aliyetolewa alikuwa msichana wa mwisho mstarini, kashonewa sketi ya kijani kwa siku hiyo tu. Akakaa chini ya mwembe, anakunja kitambaa chake na kukikunjua. Mama anayetupikia uji akaacha mwiko, akaniuliza, "Mwalimu, kwani saba mara kumi na tatu ngapi?" Mimi, wa hisabati, nikahesabu kwa vidole. Tulimrudisha, lakini siku ile alicheza bila kunitazama.

Jedwali lile linaishia 12 mara 12, ndiyo maana. Kwa hiyo gawa kwelikweli, kwa kila namba tasa, mpaka ufikie ile ambayo ikijizidisha yenyewe inaipita namba yako. Kwa 91 ni 2, 3, 5 na 7 tu, maana 11 mara 11 ni 121. Ndugu zake wenye sura hiyohiyo ya utasa ni 51, 57, 119 na 133. Jaribu mwenyewe.

Zidisha kila jozi urudi ulikotoka. Kwenye kikokotoo, jibu likija na nukta, hicho si kigawo, usikikadirie. Moja si namba tasa. Andika 1 na 7 zisifanane. Na kama ni usiku, zima redio, na usimruhusu mkubwa yeyote akusaidie kwa kukisia.