Bustani juu ya mawe ya volkano: namna ya kulima Goma bila kuua wadudu

Ndugu zangu na mama zangu wa Goma, wengi wananiambia parseli yao haiwezi kulimwa sababu iko mawe tu, ukipiga sururu inarudi. Mi parseli yangu iko vile vile na sasa iko miaka saba nakula mboga yangu. Siku moja nenda uangalie mawe ya 2002, ile volkano ya Nyiragongo ilimwaga, upande wa Munigi. Utaona kitu ya kijivu imeshika jiwe sawa ukungu, iyo njo ilifika ya kwanza, nyuma yake majani madogo, nyuma yake wadudu, na vile vyote vinakufa na kuoza udongo unaanza. Hakuna mutu alilima pale. Sisi tunaharakisha tu ile kazi, na wenye kuifanya ni wale wadudu, kwa hiyo ukiwaua unabaki na mawe yako.

Mbele ya yote: usichimbe shimo refu la mbolea, sana sana kama unaishi upande wa Keshero ao Bulengo ao fasi yoyote ya chini karibu na ziwa. Mazuku iko pale, ile gazi ya kaboni inatoka chini, ni nzito kuliko hewa, haionekani, inalala ndani ya shimo na inaua mbuzi, inaua na mutoto aliyeingia kutafuta mupira. Mbolea tutengeneze juu ya ardhi.

Panga mawe yenyewe ukuta wa kufika magoti kuzunguka kitanda cha mboga, upana wa kitanda metre moja ili mukono ufike katikati bila kukanyaga. Usitie simenti, tafazali. Zile tundu katikati ya mawe njo nyumba ya mijusi, na jiwe la volkano linashika joto ya jua, asubuhi utawaona wametoka kuota, kisha wanaanza kukamata nzi na panzi. Chini kabisa weka vigogo vya migomba vimekatwa katwa, sababu vina maji mingi, na mawe yetu haishiki maji hata kidogo, mvua inanyesha na inapotelea chini, ndiyo sababu mujini hakuna hata kamuto kamoja. Juu yake weka maganda ya viazi na ndizi, majani makavu ya maharagi, mavi ya sungura ao ya kobayi (simbilisi), majivu ya makala kiganja kimoja tu, halafu udongo wa kuleta na chukudu, ile kinga ya mbao tunabebea mizigo, uliochanganywa na ule muchanga mweusi. Yote ifike santimetre 30 ao 40. Toa sashe zote (mifuko ya plastiki) na mawe ya radio (betri) kwa mukono, usichoke, ile sumu ya mawe ya radio ukiiacha inaingia kwenyi mboga. Chukua na udongo kidogo chini ya migomba ya jirani, ule wenye minyoo, umwage pale. Funika na majani, ngoja kama mwezi moja, ingiza mukono: kama ndani kungali moto, usipande bado.

Wa kukosa mavi asihangaike. Tithonia, lile ua la njano kama alizeti linaota kwenyi lupango (uzio) na kando ya barabara, majani yake iko na chakula mingi ya mimea. Kata, jaza kwenyi bido (dumu) lililokatwa juu, tia maji, funika vizuri sababu ya mbu, wiki mbili itanuka sana, njo iko tayari. Kopo moja kwa makopo matatu ya maji, unamwagia chini kwenyi mizizi.

Sasa dawa. Nilinunua siku moja chupa haina hata etiketi, muuzaji akaniambia inaua kila kitu, na kweli iliua kila kitu. Ule musimu marakuja (pasheni) yangu ilitoa maua mingi lakini matunda karibu hakuna, nikalia. Marakuja inahitaji wale nyuki wakubwa weusi, poleni yake, ule unga wa maua, ni nzito na inanata, upepo hauwezi kuibeba. Wale nyuki wanatoboa miti mikavu na kuzalia ndani, kwa hiyo muti wa chukudu iliyovunjika ao kigogo kikavu cha zamani usikipeleke chote jikoni, simamisha kimoja kwenyi kona yenye jua.

Vile vidudu vidogo vya kijani vinanyonya majani ya kabichi, vifinye kwa vidole, ao maji ya sabuni, lakini jioni nyuki wakisha kulala, na kwenyi jani lenye ugonjwa tu. Angalia kwanza kama hakuna kale kadudu kekundu kenye madoa meusi, kako kanavikula, ukikakuta acha kafanye kazi. Watu wanasifu maji ya tumbako, mi sikubali, ile nayo ni sumu na haichagui. Kinyonga pia muache, najua wengi wanamuogopa na watoto wanamupiga mawe, inaniuma sana kila mara, anakula panzi na wadudu wengine tu. Na bundi anakula panya, kwa hiyo usiweke sumu ya panya, atakula panya aliyekufa na yeye afe.

Sahani pana ya maji, jaza mawe madogo ili nyuki wasimame bila kuzama. Najua bido la maji tunanunua, lakini ni kikombe kimoja tu. Badilisha kila siku mbili, mbu wasizalie.

Panda mwezi wa tisa ao wa pili, mvua ikianza. Juni paka Agosti funika udongo na majani makavu vizuri. Anza na lenga-lenga (mchicha), wiki tatu ao ine unachuma. Acha miche mibili ao mitatu na seleri kadhaa zitoe maua, nyuki watajaa, kisha ndege watakuja kula mbegu, usiwafukuze. Kata vichwa vilivyokauka mbele hawajamaliza, pukuta kwenyi sahani, anika kivulini siku tatu, tia ndani ya chupa kavu na uandike mwezi juu yake.